Mkazo na Kituo Kabla ya Furaha na Huzuni

Mtu anayefungua leo programu ya kugeuza maandishi kuwa sauti hukutana mapema na orodha ya hisia: furaha, huzuni, ukali, upole, msisimko, mnong'ono. Huchagua moja, hubonyeza, na sauti hubadilika papo hapo. Ni jambo la kuvutia, na ndiyo maana wauzaji huliweka mbele ya mengine yote. Lakini ukisikiliza kwa dakika kumi badala ya sekunde kumi, unagundua kwamba kinachomchosha msikilizaji ni nadra kuwa upungufu wa furaha au wa huzuni. Humchosha kusikia mkazo ukiangukia neno lisilostahili, kituo kikikata fungu la maneno katikati, orodha ya mambo manne ikisomwa kama sentensi nne zilizokwisha, na jina la mtu likipita kwa kasi ileile ya kiunganishi. Hoja yangu ni kwamba urekebishaji wa sauti za mashine umeanzia upande usiofaa: hisia zimepewa nafasi iliyostahili kupewa maana, na uamuzi ambao ungepaswa kuwa wa msikilizaji umebaki kwa mtengenezaji.

Toni ya sauti, kwa kadiri inavyoweza kupimwa, ni jumla ya mambo machache. Kuna kidatu, yaani kasi ya mtetemo wa nyuzi za sauti, ambayo kwa wanaume wazima huzunguka hezi 120 (mitetemo 120 kwa sekunde) na kwa wanawake hezi 200 au zaidi kidogo, na ambayo hupanda na kushuka ndani ya sentensi moja ikachora kile tunachokiita kiimbo. Kuna urefu wa kila silabi, nguvu inayoitoa, na sifa ya sauti yenyewe, kama ni nyororo, ya mikwaruzo au yenye pumzi nyingi. Kuna pia ukimya, ambao watu husahau kuuhesabu ingawa ndio unaotenganisha wazo na wazo. Neno “furaha” linapoandikwa juu ya kitelezi cha programu, yaani kidude cha kuburuta ili kuongeza au kupunguza kipimo, kinachotokea chini yake ni kidatu kupandishwa, tofauti kati ya kilele na bonde la kiimbo kupanuliwa, kasi na nguvu kuongezwa. Tatizo ni kwamba hasira nayo hujengwa kwa vifaa hivyohivyo. Ndiyo sababu sauti iliyoamriwa ichangamke wakati mwingine husikika kama ya mtu aliyekerwa, na mtumiaji akizidisha kipimo ili furaha ionekane vizuri zaidi, huishia kuzidisha karipio.

Watafiti wa zamani walilijua hili kwa sababu walilazimika kuijenga sauti kipande kwa kipande. Dennis Klatt wa chuo cha MIT, ambaye kazi yake ndiyo iliyozaa mashine ya kusoma maandishi iitwayo DECtalk katika miaka ya 1980, aliacha mfumo ambao ndani yake mtumiaji aliweza kubadili ukubwa wa kichwa cha msemaji wa kubuni, wingi wa pumzi katika sauti yake, wastani wa kidatu na upana wa kupanda na kushuka kwake. Kipimo kimojawapo kilipewa jina linaloashiria msemaji kujiamini, na kazi yake ilikuwa ya wazi kabisa: kilipima kiasi ambacho kidatu huporomoka mwishoni mwa sentensi ya taarifa. Sentensi ikishuka hadi chini, msemaji husikika ana hakika. Ikibaki inaning'inia, husikika anasitasita. Huo ndio unyoofu unaokosekana katika menyu za leo, ambapo mtumiaji huuziwa jina la hisia bila kuambiwa ni kitu gani hasa kitakachobadilika katika sauti.

Hata kabla ya hapo, mwaka 1939, Maabara za Bell zilionyesha katika Maonyesho ya Dunia ya New York mashine iitwayo Voder, iliyobuniwa na Homer Dudley. Mashine hiyo haikusoma maandishi. Iliendeshwa na mtu aliyefunzwa kwa takriban mwaka mmoja, akichanganya sauti kwa vidole, akichagua kwa kifundo cha mkono kati ya mvumo na mchakacho wa hewa, na akipandisha na kushusha kidatu kwa kanyagio la mguu. Katika onyesho, mashine iliulizwa maswali tofauti na ikayajibu yote kwa sentensi moja fupi ya Kiingereza yenye maana ya “Yeye aliniona”, huku mkazo ukihamishwa: mara kwa aliyeona, mara kwa tendo la kuona, mara kwa aliyeonwa. Mguu uliokuwa juu ya kanyagio ulilijua swali lililoulizwa. Mifumo mingi ya sasa, pamoja na utamu wake wote, husoma jibu bila kujua kuna swali lililotangulia.

Kompyuta zilipochukua kazi ya mguu ule, ilibidi maagizo yaandikwe. Septemba 2004 shirika la W3C, linaloweka viwango vya wavuti, liliidhinisha lugha ya alama iitwayo SSML, na toleo la 1.1 likafuata mwaka 2010. Kwa alama hizo mwandishi anaweza kuweka kituo cha urefu anaoutaka, kutia mkazo kwenye neno, kubadili kidatu, kasi na ukubwa wa sauti, na kuonyesha kama tarakimu fulani zisomwe kuwa tarehe au idadi. Ni chombo kizuri ambacho wachache hukitumia ipasavyo. Kuweka alama kwenye kila sentensi huchosha, na watoa huduma hawakubaliani ni sehemu gani ya kiwango waitekeleze, hivyo agizo linalotiiwa na sauti moja hupuuzwa na nyingine. Tena, asilimia hazina macho: agizo la kupandisha kidatu kwa asilimia kumi ni lilelile, neno likiwa linafungua aya au likiwa ndilo jibu la swali. Hata hivyo, SSML ina ubora mmoja ambao haujapata mrithi. Ukiweka kituo cha nusu sekunde mahali fulani, kitakuwapo hapo kila matini itakaposomwa na sauti inayoitii alama hiyo.

Hali ilibadilika upesi baada ya 2016, kampuni ya DeepMind ilipochapisha modeli ya WaveNet, iliyozalisha mawimbi ya sauti sampuli (kipande kidogo mno cha wimbi) moja baada ya nyingine, sampuli 16,000 kwa kila sekunde. Sauti zilianza kukaribia za binadamu, lakini vishikio vya zamani vilipotea njiani, kwa kuwa modeli za aina hii hujifunza usomaji mzima kutoka kwenye rekodi na hazina mahali pa wazi ambapo mtu anaweza kwenda kugeuza kiimbo. Zikipewa sentensi inayoweza kusomwa kwa namna kumi, huelekea wastani wa namna hizo, na wastani huo kwa kawaida hupooza. Miaka iliyofuata ilitumika kurudisha vishikio. Mwaka 2018 watafiti wa Google walieleza njia ya kuiwezesha modeli kugundua yenyewe mitindo ya usomaji iliyomo kwenye rekodi, bila mtu kuipa majina; mwaka 2020 modeli ya FastSpeech 2 ilitenganisha tena urefu, kidatu na nguvu ili kila kimoja kiweze kurekebishwa peke yake. Machi 2025 kampuni ya OpenAI ilitoa modeli inayopokea, pamoja na matini, maelezo ya lugha ya kawaida kuhusu namna ya kuisoma. Kampuni nyingine, kama ElevenLabs, zimeruhusu lebo ndani ya matini yenyewe, za kunong'ona, kucheka au kushusha pumzi.

Naiona hatua hii ya maelezo ya lugha ya kawaida kuwa na faida kubwa, ila kwa sababu tofauti na ile inayotangazwa. Matangazo husisitiza kwamba sasa unaweza kuiambia mashine izungumze kama baharia, kama mtangazaji wa mpira au kama mganga wa hadithi. Hayo ni maigizo, na yana mahali pake. Faida yenyewe ni kwamba kwa mara ya kwanza tangu mguu wa Voder tunaweza kuiambia sauti hali halisi: nani anasikiliza, anajua nini tayari, na ni jambo gani katika matini linalopingana na alilolitarajia. Kwa bahati mbaya watumiaji wengi hujaza nafasi hiyo kwa vivumishi.

Chukua maelekezo ya kutumia dawa. Mtumiaji wa kawaida ataandika: “Soma kwa upole na huruma.” Sauti italegea, pumzi itaongezeka, mwisho wa kila sentensi utashushwa kwa unyenyekevu, na idadi ya vidonge itapita ndani ya ulaini huo bila kushikika. Linganisha na agizo hili: “Msikilizaji anasikia maelekezo haya kwa mara ya kwanza na anayaandika. Tua baada ya kila kipimo. Idadi na saa ndiyo mambo asiyopaswa kuyakosa. Onyo la mwisho lina uzito sawa na maelekezo yaliyotangulia, kwa hiyo lisisomwe kama nyongeza.” Agizo la pili halina neno hata moja la hisia, na bado sauti itakayotoka ina nafasi kubwa zaidi ya kusikika yenye kujali, kwa sababu kujali kwa msomaji hutambulika kwa namna anavyomngoja msikilizaji wake.

Maelezo ya lugha ya kawaida yana udhaifu wake, na haufai kufichwa. Agizo lilelile juu ya matini ileile huweza kutoa usomaji mmoja leo na mwingine kesho, jambo ambalo kwa tangazo la sekunde kumi halina neno, lakini kwa kitabu kizima humaanisha kwamba msimulizi wa sura ya saba hafanani sana na yule wa sura ya kwanza. Agizo pia husambaa juu ya kifungu chote kama rangi iliyomwagika, ilhali maana hubadilika kutoka fungu moja la maneno hadi jingine. Wenye kazi hii hupunguza madhara kwa kuikata matini katika vipande vifupi, kila kipande na maelezo yake, huku sehemu inayomweleza msimulizi ikibaki vilevile neno kwa neno kutoka kipande hadi kipande. Kisha husikiliza kila kitu upya. Hakuna njia ya mkato hapo. Anayechapisha sauti ambayo hajaisikiliza yote amechapisha kitu asichokijua.

Kazi kubwa zaidi, hata hivyo, hufanyika kabla ya mashine kuguswa, yaani kwenye matini yenyewe. Uakifishaji ndio mfumo wa kwanza wa maagizo ya usemaji, na mashine huutii kuliko wasomaji wengi wa kibinadamu. “Mwalimu alisema mwanafunzi hajafika” na “Mwalimu, alisema mwanafunzi, hajafika” zina maneno yaleyale kwa mpangilio uleule, lakini asiyefika si yuleyule. Jicho huweza kurudi nyuma likasahihisha, sikio halirudi. Matini iliyoandikwa kwa jicho, yenye mabano marefu na vifungu vitatu vya “ambaye” vilivyobebana, haitaokolewa na toni yoyote, na mwandishi anayelalamika kwamba sauti ya mashine “haina uhai” angefanya vyema kwanza kuisoma sentensi yake mwenyewe kwa sauti aone kama pumzi inatosha.

Kwa Kiswahili suala hili lina sura yake ya pekee, na ndipo ninapoona wataalamu wakitoa suluhisho la lugha nyingine kwa tatizo lisilofanana. Mkazo ndani ya neno hausumbui, kwa kuwa karibu kila mara huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na mashine hujifunza kanuni hiyo kwa urahisi. Ugumu upo kwenye sentensi. Yale majibu ya Voder, ambayo Kiingereza huyatofautisha kwa kuhamisha mkazo tu, Kiswahili kingeelekea kuyatenganisha kwa sarufi: “Ni yeye aliyeniona,” “Hakunisikia, aliniona,” “Aliniona mimi.” Sarufi imekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi. Modeli iliyopata mazoea yake ya kiimbo kutoka kwenye rekodi nyingi za Kiingereza na chache za Kiswahili huweza kuongeza juu yake mwinuko wa sauti usiohitajika, ikatilia “yeye” nguvu ambayo “ni” na kirejeshi “-ye-” vilikwisha kuitia, na matokeo yake ni usomaji unaosikika kana kwamba msemaji anabishana na mtu asiyeonekana.

Kwa upande mwingine, pana mahali ambapo Kiswahili hutegemea sana kiimbo. “Wamesharudi.” na “Wamesharudi?” hazitofautiani kwa neno wala kwa mpangilio; bila “je” mwanzoni, tofauti yote imo kwenye kupanda na kushuka kwa sauti. Maswali yenye “nani” au “lini” hujitambulisha yenyewe, lakini swali la ndiyo au hapana halina kinga. Sasa fikiria kitelezi cha uchangamfu ambacho, ili sauti isikike ya kirafiki, huinua mwisho wa kila sentensi. Kwa matini ya aina hii kitelezi hicho kinageuza taarifa kuwa swali, na hapo tumetoka kwenye mtindo tukaingia kwenye upotoshaji. Katika lugha za toni hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu huko kidatu kimo ndani ya neno lenyewe: katika Kiyoruba, ọkọ, ọkọ̀ na ọkọ́ ni mume, chombo cha usafiri na jembe. Kiwango cha hisia kilichobuniwa kwa lugha moja hakihamishiki kwenda nyingine kama vile ni ukubwa wa herufi.

Kasi nayo hupimwa vibaya. Miongozo mingi hutaja maneno 150 kwa dakika kuwa mwendo mzuri wa kusimulia, na takwimu hiyo ilitoka kwenye Kiingereza, chenye maneno mengi ya silabi moja. “Hatutawaonyesha” ni neno moja la silabi saba ambalo Kiingereza kingelitawanya katika maneno manne au matano mafupi. Msimulizi wa Kiswahili anayesukumwa kufikia maneno 150 kwa dakika atakuwa anakimbia. Kipimo cha silabi kwa sekunde kingekuwa cha haki zaidi, na kingeondoa ile hali ya sauti ya Kiswahili kusikika ina haraka hata baada ya kuwekwa kwenye mwendo unaoitwa wa kawaida. (Nikiwa hapo niseme pia kwamba hakuna toni itakayoficha “vitabu 3” kusomwa “vitabu tatu” badala ya “vitabu vitatu”. Ngeli huja kabla ya mtindo, na msikilizaji akishasikia kosa hilo mara mbili huacha kuiamini sauti nzima.)

Chanzo cha haya ni rekodi zilizotumika kufunza. Mradi wa Common Voice wa Mozilla umekusanya sauti nyingi za Kiswahili kutoka kwa watu wanaojitolea, na ni hazina ya kweli, lakini kwa sehemu kubwa ni sentensi mojamoja zinazosomwa kutoka kwenye skrini na mtu asiyejua kilichotangulia wala kitakachofuata. Mradi wa MMS wa kampuni ya Meta, uliotangazwa Mei 2023, ulitoa sauti za mashine kwa lugha zaidi ya 1,100, na msingi wake ulikuwa rekodi za usomaji wa Agano Jipya. Kwa lugha ambazo hazikuwa na sauti ya mashine kabisa, hilo ni jambo kubwa. Lakini sauti hurithi mwendo wa iliyosikia: anayejifunza kwa usomaji wa maandiko matakatifu atasoma hata taarifa ya hali ya hewa kwa utaratibu wa ibada, na hakuna kitelezi kinachoweza kuchota kutoka kwenye rekodi mtindo ambao haumo ndani yake. Anayetaka sauti ya Kiswahili inayoweza kueleza, kuuliza, kusahihisha na kusimulia hana budi kurekodi watu wakieleza, wakiuliza, wakisahihishana na kusimuliana.

Vipimo vya ubora vimechangia kuuficha upungufu huu. Jaribio linalotegemewa zaidi huwataka wasikilizaji waipe sauti alama kutoka 1 hadi 5, kisha hutafutwa wastani, na mara nyingi kila sentensi husikilizwa peke yake. Kwa njia hiyo sauti tamu inayokosea mkazo hupata alama za juu, kwa sababu sentensi isiyo na muktadha haina mkazo uliokosewa. Mkazo wowote unakubalika pale ambapo hakuna swali lililoulizwa. Jaribio lenye manufaa zaidi lingempa msikilizaji swali na majibu mawili yenye maneno yaleyale, kisha limuulize lipi linajibu. Au lingemsomea ukurasa mzima na kumuuliza alichokielewa. Majaribio ya namna hiyo ni ghali na hayatoi namba nzuri ya kuweka kwenye tangazo.

Wapo watu wanaosikiliza sauti za mashine kwa saa nyingi kila siku, nao hawaulizwi inavyostahili. Ni watumiaji wasioona wanaotegemea visoma skrini, yaani programu zinazosoma kwa sauti kilichomo kwenye skrini. Wengi wao huongeza kasi hadi mara mbili au tatu ya mwendo wa mazungumzo, na baadhi huendelea kupenda sauti za zamani zenye mlio wa chuma kuliko zile mpya laini, kwa kuwa sauti iliyotengenezwa kwa kanuni hubaki na konsonanti zinazopambanuka hata inapokimbia, na hujibu mara tu kitufe kinapobonyezwa. NVDA, kisoma skrini cha bure kilichoanzishwa Australia mwaka 2006, huja na sauti ya eSpeak NG ya aina hiyo. Katika mipangilio yake kuna kipengele cha kupandisha kidatu kila inapotamkwa herufi kubwa. Hapo kidatu hakibebi furaha wala huzuni. Kinabeba habari, na mwenye kuamua kipandishwe kwa kiasi gani ni msikilizaji. Wabunifu wa menyu za hisia wangejifunza mengi kwenye ukurasa huo mmoja wa mipangilio.

Mwanafizikia Stephen Hawking, aliyepoteza uwezo wa kusema, naye alitumia kwa miongo kadhaa sauti iliyotokana na kazi ya Klatt, na hakukubali kuibadilisha hata teknolojia ilipomletea nyingine laini zaidi, kwa kuwa alikwisha kuihesabu kuwa yake. Kisa chake kimesimuliwa sana kama cha mapenzi ya kitu cha zamani. Mimi nakisoma kama suala la umiliki: aliyekuwa akiwajibika kwa maneno ndiye aliyechagua sauti ya kuyasema.

Kanuni hiyo ya umiliki ndiyo inayonifanya nisizikatae hisia zote kwa pamoja. Mtu aliyepoteza uwezo wa kusema kwa ugonjwa na sasa anazungumza kupitia kifaa anahitaji kutania, kukemea, kubembeleza na kunyamaza kwa hasira kama mtu mwingine yeyote. Mwaka 2023 Apple iliweka kwenye simu zake uwezo wa mtu kurekodi sauti yake kwa takriban dakika 15 na kutengenezewa sauti ya mashine inayomfanana, na huduma nyingine za kuhifadhi sauti kabla ya kupotea zilitangulia. Kwa watumiaji hawa lebo ya kucheka au ya kushusha pumzi ni sehemu ya usemi wao. Vivyo hivyo mwandishi wa hadithi anayetaka mhusika wake anong'one ana haki ya kulitaja hilo, kwa sababu kunong'ona kumo ndani ya kazi yake. Katika hali hizi hisia ina mwenyewe.

Isipokuwa na mwenyewe, ndipo mashaka huanza. Mwezi Mei 2018 Google ilionyesha mfumo wa Duplex ukipiga simu kuweka miadi huku ukiguna na kusitasita kama binadamu, na baada ya lawama kampuni ilisema mfumo ungejitambulisha. Mwezi Februari 2024 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliamua kwamba sauti zilizotengenezwa kwa akili mnemba zinaingia katika katazo la simu za kiotomatiki chini ya sheria ya 1991, wiki chache baada ya wapiga kura wa New Hampshire kupigiwa simu zenye sauti iliyomwigiza Rais wa wakati huo, Joe Biden. Mei ya mwaka huohuo OpenAI ilisimamisha sauti yake moja baada ya mwigizaji Scarlett Johansson kulalamika kwamba inafanana na yake ilhali alikataa ombi la kampuni hiyo la kuitolea sauti. Kampuni ilisema sauti hiyo ni ya mwigizaji mwingine. Visa hivi vinatofautiana kisheria, lakini katika vyote joto la sauti liliamsha imani ambayo msikilizaji hakuwa na njia ya kuihakiki. Huduma ya simu inayosema “pole sana” kwa sauti ya kukaribia kulia, kisha ikakurudisha mwanzo wa menyu, ni ndugu mdogo wa jambo hilohilo. Sauti ya wastani inayotamka kosa lililotokea na hatua inayofuata ingemheshimu mteja zaidi.

Kinachohitajika katika utengenezaji si kigumu kiufundi. Mkazo, kituo na kiimbo cha swali viambatane na matini na visitikiswe na mtindo wowote unaowekwa juu yake, ili “Wamesharudi?” ibaki swali iwe sauti imechangamka au imetulia. Mtindo uelezwe kwa kinachobadilika, kwamba utapandisha kidatu kiasi gani na kupunguza vituo kiasi gani, badala ya jina la hisia peke yake. Kasi, upana wa kiimbo na uwezo wa kuzima maigizo vibaki kwa msikilizaji, na vifanye kazi hata juu ya sauti ambayo mchapishaji amekwisha kuipamba. Mipangilio itagongana, na katika mgongano huo sina shaka upande wa kuufuata. Mnong'ono, kwa mfano, hauna mtetemo wa nyuzi za sauti, kwa hiyo hauna kidatu cha kutosha kubeba swali wala nguvu ya kumfikia mwenye usikivu hafifu. Mchapishaji akiuamuru na msikilizaji akawa amechagua sauti kamili, programu isome kwa sauti kamili bila kumuuliza mara ya pili.